Miwani ya kusomea ya shilingi 5,000, miezi saba baadae

Naandika hii kwa wenzangu waliovuka arobaini na kitu ambao siku hizi meseji ikiingia wananyoosha mkono mbali ndio waisome, maana mimi nimefanya hivyo karibu miaka miwili bila kujua nafanya nini. Nina miaka 51, nakaa Dar, kazi yangu kuandika na kuhariri miswada ya watu, kwa hiyo macho ndio jembe langu. Miwani ninayoizungumzia ni hii hii ya kusomea ya tayari, haina cheti cha daktari wala nini, fremu ya plastiki nyeusi, stika kwenye lenzi +2.00, nimeinunua Kariakoo kwa kijana anayepanga miwani kwenye ubao wake pembeni ya barabara. Leo ni mwezi wa saba naivaa kila siku.

Ilivyoanza ni hivi. Nilidhani nimevichoka vitabu. Naapa nilidhani hivyo. Mimi ambaye tangu nasoma sekondari nalala na kitabu, nikawa nafungua usiku, ukurasa wa kwanza, wa pili, kichwa kinagonga, nafunga. Nikasema labda ni mawazo, watoto wamekua wana mambo yao, labda ni hizi simu zimetuharibu akili hatutulii tena, na nikaamini kabisa kwamba huu ndio umri wenyewe, mtu anafika mahali mapenzi ya kitu yanamtoka. Nikaanza hadi kugawa. Boksi zima nilimpa mdogo wangu, vitabu nilivyovikusanya miaka kwa wale wauza vitabu vya mitumba wanaotandika chini kule Posta, kimoja kimoja, vingine nimepunguza nauli ya daladala ili nivipate. Nikampa bila hata kuumia, na hiyo ndio inaniuma leo.

Kilichonishtua ni kazi. Kuna muswada nilipitia prufu ya mwisho, nikaupitisha, kitabu kikachapwa, mwandishi akanipigia simu kwa upole kabisa, akasema dada, ukurasa huu tumeandika "dada yake akafariki" na aliyefariki kwenye hadithi ni baba. Nikafungua pale nilipo, nikatazama lile neno. Kweli mimi naona baba. Nikamwita binti yangu, njoo nisomee hapa, akasoma, dada. Nikanyoosha mkono, nikasogeza kitabu mbali, dada ikatokea. Nilikaa kimya muda mrefu siku ile.

Basi nikaenda Kariakoo. Kijana akaniamkia, shikamoo mama, unatafuta ya kusomea? Nikamwambia ndio mwanangu. Akauliza, samahani mama, una miaka mingapi, nikamwambia, akanipa +1.50 na kipande cha gazeti alichokikunja mfukoni mpaka kimelainika kama kitambaa. Nikaona afadhali. Akanipa +2.00. Jamani. Herufi zilisimama. Lilikuwa tangazo la kiwanja Kigamboni, nimelisoma lote mpaka namba ya simu ya dalali, nimesimama pale watu wananipita na mizigo, wabeba mikokoteni wananipigia kelele mama pisha, na mimi nasoma ukubwa wa kiwanja na umbali kutoka barabara ya lami. Akanijaribisha na +2.50, hiyo ikanivuta macho, nikarudi kwenye 2. Alichonifundisha yule kijana, ambacho baadae mpimaji wa macho alikuja kunihakikishia, ni kwamba usichukue pawa kubwa, yaani ile namba ya kwenye stika, ukidhani ndio nzuri zaidi, chukua ile ndogo kabisa inayokuwezesha kusoma kitabu ukiwa umekishika pale unapokishika siku zote, hivi kama sentimita 40 kutoka usoni.

Sababu yenyewe niieleze kidogo, maana watu wengi wanadhani macho yameugua au ni kwa ajili ya kusoma sana gizani. Ndani ya jicho kuna lenzi, ukiwa mtoto ni laini, ukitazama kitu cha karibu misuli midogo inayoizunguka inakaza na lenzi inafura, inakuwa nene katikati, ndio unaona karibu. Miaka inavyokwenda ile lenzi inakuwa ngumu, misuli inafanya kazi yake lakini lenzi haifuri. Inaanza polepole tangu ujana, ukifika arobaini na kitu ndio unaanza kuigundua, na inaendelea mpaka sitini hivi. Inampata kila mtu, mpishi, fundi cherehani, profesa, wote. Kaka yangu anayevaa miwani ya kuonea mbali tangu yuko shule alikuwa anajisifu kwamba yeye haijampata, kumbe naye anavua miwani yake ndio asome gazeti, ni kitu kile kile.

Sasa miwani yenyewe. Lenzi zake ni za plastiki, zinachunika haraka, ya kwangu ina mikwaruzo miwili upande wa kulia kwa sababu wiki ya kwanza niliifuta na khanga yenye vumbi, usifanye hivyo, ioshe kwa maji na sabuni kidogo halafu futa na kitambaa laini. Skrubu ya bawaba ililegea mwezi wa tatu, nikaikaza na ncha ya kisu, ikatulia. Vile vinavyokaa puani havirekebishiki maana vimeungana na fremu, kwa hiyo mwenye pua ndogo itamteleza, hasa kwenye joto la Dar, jasho likitoka inashuka yenyewe. Na ni ya kusomea tu. Ukiinua kichwa kutazama mtu mlangoni yuko kwenye ukungu, na usije ukashuka nayo ngazi, niliwahi kukosa ngazi ya mwisho nikajigonga goti. Ikifika wakati wa kuinuka, vua. Mimi nimeifunga kamba, inaning'inia kifuani.

Nikafurahi nayo hivyo nikataka ya pili ya kuweka chumbani, hii nikaichukua duka moja, silitaji, shilingi 12,000, fremu nzuri ya rangi ya kahawia, imeandikwa +2.00 vile vile. Siku mbili tu kichwa kinauma upande mmoja. Nikaipima kwa njia ambayo naomba kila mtu aijue. Saa sita jua linawaka unashika lenzi moja juu ya sakafu ya saruji, unapandisha na kushusha mpaka kile kiduara cha mwanga chini kiwe kidogo kabisa, halafu unapima na rula kutoka kwenye lenzi mpaka sakafuni. Gawa 100 kwa pawa, jibu ndio sentimita unazotakiwa kuzipata. +2.00 ni sentimita 50, +2.50 ni 40, +3.00 ni 33 na kitu. Usilitazame jua lenyewe kupitia lenzi, na usifanyie juu ya karatasi maana inaweza kuwaka. Ile ya Kariakoo nimepata 50 upande huu na 50 upande huu, sikuamini nikarudia mara tatu. Ile ya 12,000 lenzi ya kushoto 50, ya kulia 41. Yaani stika ni moja, macho mawili yanapewa miwani mbili tofauti. Nimewarudishia na risiti, wakanibadilishia bila maneno mengi, niwashukuru kwa hilo, lakini fikiria mtu asiyejua, atasema miwani imemkataa, ataitupa kabatini na ataendelea kuishi bila kusoma.

Kwa mpimaji nilikwenda baadae, na nasema nendeni. Hii miwani ya barabarani haikupimi chochote, inakupa herufi tu. Kule nimepimwa presha ya macho, wakanimulika ndani, wakaniambia niko salama, na presha ya macho ni ugonjwa unaokula uoni pembeni kidogo kidogo bila maumivu, mtu anashtuka ameshachelewa, kwa hiyo 5,000 yako isikufanye ukaruka hicho kipimo. Ila kwenye kuuza fremu walinisukuma sana nichukue lenzi za kuzuia mwanga wa bluu wa kompyuta, bei inapanda. Nimekataa. Shirika la Cochrane, wale wanaokusanya na kuchambua tafiti za afya, mwaka 2023 lilikusanya majaribio 17 ya lenzi hizo na halikuona kwamba zinapunguza uchovu wa macho, angalau kwa muda mfupi, ukilinganisha na lenzi za kawaida. Hela hiyo nimenunulia taa ya mezani, na taa imenisaidia kuliko nilivyotegemea, maana macho ya umri wetu yanadai mwanga mwingi zaidi kwa maandishi yale yale.

Lakini kilichonifanya nikae niandike haya yote ni mama yangu.

Mama ana miaka 77, yuko Tanga, Ngamiani, nyumba ile ile tuliyokulia. Alikuwa msomaji. Msahafu alfajiri, gazeti la juzi likiletwa na jirani analisoma mpaka matangazo, na alikuwa anashona kofia za mkono, tundu kwa tundu, kofia moja miezi. Miaka kumi hivi vyote vimeisha, kimoja baada ya kingine. Kofia ikawekwa kwenye kikapu. Gazeti akawa analifungia maandazi. Msahafu akawa anasoma zile sura anazozijua kwa moyo tu. Na sisi watoto wake wote watano tulisema kwa upendo kabisa, mama amezeeka, mwacheni apumzike. Hata kuchambua mchele alinyang'anywa, siku moja mjukuu alitafuna kijiwe, basi ungo ukahamia kwa wasichana na yeye akawekewa kiti barazani. Akakubali. Alikuwa anakaa pale anatazama barabara.

Nilimpelekea +3.00, kijana yule yule wa Kariakoo, nilimweleza mama yangu ana miaka 77 akaniambia mpelekee hii na hii ajaribu mwenyewe, isiyomfaa utanirudishia, na kweli nilipomrudishia alipokea. Nilitegemea mama ataomba msahafu, au barua za baba, najua anazo kwenye kasha. Akaivaa, akatazama viganja vyake vyote viwili muda, anavigeuza. Akasema, mikono yangu imekuwa ya mama yangu. Halafu akasema, leteni ungo.

Wakamletea. Alichambua kilo mbili za mchele kimya kimya, vidole vinakwenda vile ninavyovikumbuka tangu nina miaka sita nimekaa mbele yake, chuya huku, kijiwe kule, anapepeta, anarudia. Alipomaliza akamwita yule mjukuu aliyetafuna kijiwe, akamwambia, tazama mwenyewe kama kuna kitu. Hakukuwa na kitu.

Nikaingia chumbani nikalia. Miaka kumi. Tulimpa heshima zote, tulimpeleka hospitali kwa presha, kwa magoti, kwa sukari, dawa hakosi, na hakuna hata mmoja wetu, mimi mwenye kazi ya vitabu nikiwa wa kwanza, aliyemuuliza mama, herufi unaziona?

Tumempeleka kupimwa baadae, jicho la kushoto lina mtoto wa jicho anayeanza, hilo miwani haiwezi kulitibu, akianza kumzuia kuona ni upasuaji wa kutoa lenzi iliyoingia ukungu na kuweka ya bandia, daktari amesema bado, anamfuatilia. La kulia ni zuri. Kwa hiyo anasoma na la kulia zaidi, na anasoma.

Mimi kitabu cha kwanza kukimaliza baada ya miwani ni Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini cha Shaaban Robert, kilibaki kwa sababu kilikuwa nyuma ya kabati, sikukiona wakati nagawa. Mtu wa kwetu Tanga, amezaliwa Vibambani 1909. Nimekisoma ujana wangu kwa ajili ya Kiswahili chake tu, ile sehemu ya baada ya hamsini niliipitia haraka haraka kwa sababu ilikuwa inamhusu mzee. Safari hii nimeisoma taratibu, penseli mkononi, nikijua kwamba alifariki 1962 akiwa na miaka 53 tu, miwili mbele yangu. Nilipomaliza nilimpigia mdogo wangu, nikamwambia ukweli kwamba lile boksi nilitoa kwa makosa. Amesema amesoma viwili, vingine njoo chukua.

Kwa bei yake na kazi yake naipa nyota nne kati ya tano, ya tano nimeizuia kwa sababu ya lenzi kuchunika na kwa sababu pawa ya stika huwezi kuiamini mpaka upime mwenyewe. Ukienda kununua nenda mchana, beba kitabu chako unachokisoma kweli na sio kusoma maandishi makubwa ya kwenye kadi yao, soma ukurasa mzima palepale usione aibu, funga jicho moja moja ujaribu kila upande, na ukiona jicho moja halioni vizuri kwa pawa yoyote ile, usinunue, nenda hospitali moja kwa moja. Na kama una mzazi, nunua mbili.

Juzi mama amepiga simu, mkono mmoja wa miwani umevunjika, mjukuu aliikalia. Amefunga na uzi wa kofia kwa muda. Ameniagiza nyingine ya pawa ile ile, na kamba, na sindano namba nane kwa sababu kule kwenye kikapu zimeshika kutu.