Kamusi ya Kigiriki ya Liddell na Scott, nimeipima kwa neno moja tu

Kamusi usiipime kwa neno rahisi, itafutie neno lenye kesi. Mimi nilichukua oinops, sifa ambayo Homer, yule mshairi wa Wagiriki wa kale, anaipa bahari mara kwa mara. Oinos ni divai, ops ni uso au jicho, kwa hiyo ni kitu chenye sura ya divai. Bahari yenye sura ya divai, jamani.

Toleo la bure lililopo Perseus, tovuti ya maandishi ya kale, linamsaidia sana mwanafunzi, maana kwenye shairi hukutani na oinops ilivyo, unakutana na oinopa au oinopi, yaani neno lilelile limebadilika mwisho, ukibofya hapo inakupeleka hadi neno lenyewe. Ukitumia kitabu cha karatasi hiyo kazi ni yako, na ni dude la kurasa zaidi ya 2,000. Lilianza kutoka 1843, toleo la tisa likakamilika 1940. (Huyu Liddell kumbe ndiye baba wa Alice, yule wa hadithi ya sungura mwenye saa, nimejua juzi tu.)

Sasa neno lenyewe. Kamusi inakwambia rangi ya divai, kwa bahari ichukulie kama weusi wa divai, kwa ng'ombe wekundu ulioiva. Hapo kwa ng'ombe ndo iliponikamata, kwa sababu watu wanabishana weee kuhusu bahari wanasahau kwamba Homer anawaita hivyohivyo ng'ombe wa kulima! Odyssey, utenzi wake, kitabu cha 13, jamaa kashinda shambani na ng'ombe wake wawili, njaa inamuuma, anasubiri jua lizame akale. Sisi tungesema ng'ombe wa rangi ya damu ya mzee, yamekwisha. Ila ukisema bahari ya damu ya mzee watu watakuangalia vibaya.

Kinachokosekana ni kwa nini bahari ikaitwa hivyo. Gladstone, huyohuyo aliyekuja kuwa waziri mkuu Uingereza, aliandika 1858 kwamba Wagiriki wa zamani hisia yao ya rangi ilikuwa bado changa, mimi hiyo siinunui hata kidogo. Milman Parry, mtaalamu wa Homer, 1928 ndo kanishawishi zaidi: sifa hizi ni vipande vilivyokwishapimwa, oinopa ponton (ponton ni bahari) inakaa vizuri mwisho wa mstari, mizani imetimia, mshairi anaendelea na safari yake, kama malenga mwenye vina tayari kichwani. Haya kamusi haikupi, na sijui kama tuilaumu, yenyewe ni kamusi.

Vifupisho ni vingi mno, soma ile orodha ya mwanzoni kwanza la sivyo utadhani ni namba za siri. Kama ndo unaanza chukua ile ndogo ya 1889, inatosha kabisa kwa Homer.

Nyota nne. Ya tano nitaitoa siku nikiona bahari yenye rangi ya ng'ombe.