Kumsaka Smith wa kijijini Uingereza ukiwa Dodoma: GRO, FreeBMD na FamilySearch kwenye mizani

Ukiwa na shilingi elfu kumi tu za kumtafuta babu Mwingereza aliyeitwa Smith, Brown au Taylor, usizipeleke kwenye tovuti kubwa za nasaba zenye matangazo kila kona. Zipeleke GRO, ofisi kuu ya usajili wa vizazi na vifo ya Uingereza na Wales, na hata hapo usilipe mpaka umalize kazi ya bure inayotangulia. Sababu ni moja: jina linalobebwa na watu wengi halitafutwi kwa jina. Hutafutwa kwa mama, kwa kijiji na kwa ndugu, na GRO ndiyo inayokupa mama kwa bei ndogo kuliko wote.

Hapa kwetu wanaohitaji kazi hii ni wajukuu na vitukuu wa Waingereza waliofika Kongwa na mpango wa karanga wa 1947 hadi 1951, pamoja na wanafunzi wa historia wanaofuatilia wamisionari wa CMS, shirika la kimisionari la Waanglikana, wa Mpwapwa na Mvumi. Mkononi huwa na picha, barua, au cheti cha ubatizo chenye jina “Smith” na labda jina la kaunti. Smith maana yake mhunzi, na kila kijiji kilikuwa na wahunzi wake. Taylor ni mshonaji. Johnson ni mwana wa John, kama hapa ambavyo jina la babu Yohana hugeuka jina la tatu la mjukuu. Kumuulizia John Smith wa Norfolk bila nyongeza yoyote ni sawa na kusimama stendi ya Nanenane ukauliza Yohana wa Chamwino yuko wapi.

Anza na FreeBMD. Ni ya bure, imejengwa na watu wa kujitolea walionakili faharasa za vizazi, ndoa na vifo tangu usajili wa serikali ulipoanza tarehe 1 Julai 1837. Kurasa zake karibu zote ni maandishi matupu, hivyo hufunguka hata bando likiwa la kusuasua. Kwa babu wa Kongwa aliyezaliwa, tuseme, 1915, FreeBMD ni dhahabu, kwa sababu kuanzia robo ya Septemba 1911 (yaani Julai hadi Septemba) faharasa inaonyesha jina la mama la kabla ya kuolewa. Upande wa ndoa, kuanzia robo ya Machi 1912 jina la ukoo la mwenza nalo limo. Ukiwa na “Smith, mama Larter” badala ya “Smith” peke yake, orodha ya mamia hushuka ikawa ya watu wachache wa wilaya moja.

Kwa ndoa za zamani zaidi kuna ujanja mdogo ambao wengi hawaujui: bofya namba ya ukurasa. FreeBMD itakuorodheshea wote walioandikwa kwenye ukurasa ule wa rejista. Kuanzia 1852 kila ukurasa una ndoa mbili tu, yaani majina manne, hivyo ukimkuta Smith wako na mwanamke ambaye jina lake la kwanza unalijua tayari, umefika karibu kabisa. Kabla ya hapo ukurasa ulibeba ndoa hadi nne, na kubahatisha kunaongezeka.

Kinachowachanganya wengi ni wilaya. Wilaya ya usajili si kijiji. Ya Docking, kaskazini magharibi mwa Norfolk, ilibeba vijiji kama Heacham na Snettisham, kwa hiyo mtu wa Heacham utamkuta Docking na usishtuke. Robo ya mwaka nayo ni ya kusajiliwa, si ya kuzaliwa: wazazi walikuwa na siku 42, na mtoto wa Machi huonekana kwenye robo ya Juni bila kosa lolote. Halafu adhabu kwa mzazi asiyesajili ilikazwa kuanzia 1875 tu. Kabla ya hapo wapo watoto ambao hawakuandikishwa kabisa, na hao utawapata kanisani.

Sasa GRO yenyewe. Kufungua akaunti ni bure, na kutafuta ni bure. Faharasa yake si ile iliyonakiliwa na FreeBMD. Ni mpya, imetengenezwa kutoka kwenye rejista, nayo ina vitu viwili vinavyomaliza ubishi wa majina ya kawaida. Kwanza, jina la ukoo la mama limo tangu 1837, si tangu 1911. Pili, umri wa marehemu umo tangu 1837, wakati faharasa ya zamani iliuanza 1866. Ubaya wake ni fomu yenye masharti: lazima utaje jinsia, na mwaka unaruhusiwa kupanuka miaka miwili tu kila upande. Ndoa haimo kabisa. Hiyo inabaki kazi ya FreeBMD.

Masharti hayo yanageuka faida ukijua kuyatumia. Tuseme unamtafuta William Smith, ambaye sensa ya 1881 inasema ana miaka 29 na amezaliwa Heacham. Weka Smith, William, mwanamume, 1852, miaka miwili kila upande, wilaya ya Docking. Tuseme wametokea watatu: mmoja mama yake Larter, wa pili jina jingine, wa tatu ana kistari tu. Kistari kwa kawaida maana yake mtoto alizaliwa nje ya ndoa na Smith ni jina la mama mwenyewe. Usinunue chochote bado. Futa jina William, acha Smith kwa upande wa mtoto na Larter kwa upande wa mama, kisha fagia miaka ishirini: 1847, 1852, 1857 na 1862, kila mwaka ukiwa na miwili huku na miwili kule. Mara nne kwa wavulana, mara nne kwa wasichana, jumla utafutaji mara nane. Mwishoni utakuwa na orodha ya watoto wote wa Smith na Larter wa wilaya ile. Rudia kwa jina la pili.

Peleka orodha hizo kwenye sensa ya 1861, ambako William ni kijana wa nyumbani. Kama nyumba ya Heacham ina William, Eliza, Robert na Ann kwa umri unaoshuka vizuri, na orodha ya Larter ina hao hao wanne kwa mpangilio huo huo, basi umempata mama bila kutoa hata senti. Jina moja linaweza kugongana na jingine, lakini ndugu wanne wenye umri ule ule hawagongani kirahisi.

Kabla ya kushangilia, rudi upande wa vifo. Familia za vibarua wa shambani zilipoteza watoto wengi, na jina la aliyekufa lilirudiwa kwa anayefuata. Tafuta kila William Smith aliyekufa Docking akiwa chini ya miaka mitano, umwondoe kwenye mbio. Hapa faharasa ya GRO ina kasoro inayojulikana: umri wa vichanga wakati mwingine umeingizwa kama miaka badala ya wiki au miezi, hivyo mtoto wa miezi mitatu anaweza kuonekana ana miaka mitatu. Marehemu wa “miaka 11” asikutoe kwenye njia mpaka uione picha ya rejista.

Picha hiyo ndiyo matumizi bora ya elfu kumi yako. Tangu Aprili 2024 bei ni pauni 3 kwa picha ya kidijitali, pauni 8 kwa PDF, na pauni 12.50 kwa cheti cha karatasi, yaani elfu arobaini na kitu kutegemea kiwango cha siku. Picha ya pauni 3 hufunguka papo hapo, inahusu vizazi vya zaidi ya karne moja iliyopita na vifo vya 1837 hadi 1887. Maandishi ni yale yale ya PDF, kwa hiyo pale zote mbili zipo, kununua PDF ni kuchoma pesa. Ukiifungua, angalia safu ya mama: imeandikwa kwa mtindo wa “Mary Smith, zamani Larter”. Angalia kazi ya baba. Kisha angalia safu ya tarehe: ikiwa na saa ya kuzaliwa, uwezekano ni mkubwa kwamba kulikuwa na pacha, na huyo pacha ni ushahidi wa bure wa kuwatofautisha akina William wawili.

FamilySearch ni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, nayo ni bure kwa kila mtu, muumini na asiye muumini. Faharasa ya sensa ya 1881 imo yote, na mamilioni ya ubatizo. Kwa kazi ya sensa na rejista za kanisa, ipewe alama za juu. Baadhi ya picha zina alama ya kamera yenye ufunguo. Hizo hazifunguki nyumbani, zinahitaji kwenda kwenye kituo chao au maktaba shirikishi, kwa hiyo ukiwa Dodoma zihesabu kuwa hazipo mpaka upate safari. Ila mti wao wa pamoja, ambao kila mtu anaruhusiwa kuuhariri, kwa jina kama Smith ni wa kuogopwa. Watu hukutana na John Smith wawili wa Norfolk, wote wameoa Mary, wakawaunganisha wakawa mmoja. Ukiona mama aliyezaa katika vijiji viwili vyenye umbali wa maili arobaini ndani ya mwezi mmoja, umeshajua kilichotokea. Chukua kutoka kwenye mti dokezo, usichukue jibu.

Usomaji wa sensa nao una mitego yake. Ya 1841 ilishusha umri wa watu wazima hadi kwenye mafungu ya miaka mitano, kwa hiyo mtu wa 39 ameandikwa 35, na mahali pa kuzaliwa inasema tu kama ni kaunti ile ile au siyo. Kuanzia 1851 parokia ya kuzaliwa imetajwa pamoja na uhusiano na mkuu wa kaya. Kazi haikusaidii: “Ag. Lab.”, kibarua wa shamba, ni nusu ya kijiji. Tahajia nayo ilikuwa ya karani na ya padri, wala si ya familia, hivyo tafuta Smyth na Smythe, Browne, Clarke, Read na Reed. Sensa ya 1931 iliungua moto mwaka 1942, usiisubiri.

Nyuma ya 1837 GRO haina kitu, na mwenye jina la kawaida huanza kutembea kwa miguu kanisani. Rejista za parokia, ambazo Waanglikana wa hapa huita parishi, zilianza kwa amri ya 1538. Kuanzia 1754 ndoa ina sahihi au alama ya msalaba na mashahidi. Kuanzia 1813 ubatizo una kazi ya baba na makazi, na mazishi yana umri. FreeREG ina nakala za bure za rejista nyingi, lakini kagua kwanza orodha ya parokia na miaka iliyonakiliwa: kutomkuta mtu si ushahidi kwamba hakuwepo. Mazoea ya kusoma matangazo ya ndoa Jumapili tatu, tunayoyajua wote, yana faida kubwa: daftari la matangazo hutaja parokia ya mchumba aliyetoka kijiji kingine. Na padri akiandika “John Smith mdogo”, si lazima awe mtoto wa John Smith mkubwa. Anaweza kuwa jirani tu mwenye umri mdogo. Kwa maskini, karatasi bora kuliko zote ni mahojiano ya ukaazi chini ya sheria ya 1662, ambamo mtu alieleza alizaliwa wapi na aliajiriwa kwa nani mwaka mzima. Ziko kwenye hifadhi za kaunti, na nakala huombwa kwa barua pepe.

Tovuti za kulipia zina nafasi yake: sensa ya 1921 na orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza kati ya 1890 na 1960, ambazo kwa mtu wa Kongwa hutaja kazi yake na anwani ya mwisho kabla ya kupanda meli. Lipia mwezi mmoja ukiwa na orodha ya maswali tayari, na uzime kujirudia kwa malipo siku hiyo hiyo, maana yasipozimwa hukatwa tena yenyewe. Kadi ya Visa ya kwenye simu inatosha. Weka ndani kiasi unachotaka kutumia tu.

Cheti cha karatasi cha pauni 12.50 kinabaki kwa kazi mbili. Ya kwanza ni ndoa, kwa kuwa haina picha wala PDF. Ya pili ni ya wajukuu: Tanzania iko Jumuiya ya Madola, na raia wake mwenye babu au bibi aliyezaliwa Uingereza anaweza kuomba viza ya ukoo, hata kama babu hakufunga ndoa na bibi. Picha ya pauni 3 haikubaliki huko. Wanataka cheti kamili, pamoja na vyeti vyako na vya mzazi wako vinavyounga mlolongo. Kitukuu hana nafasi hiyo. Unapoagiza, andika namba ya S.L.P. na jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chako, na kama cheti cha mzazi cha RITA kina tahajia tofauti ya Smith, anza kurekebisha hicho kwanza.