Fimbo nyepesi za kukimbilia na kupandia milima: ipi ununue, ipi uiache

Tuanze na gramu maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Unaingia mtandaoni unaona jozi hii gramu 250, ile 340, nyingine inakaribia 500, basi unaikimbilia ile ya 250 na hujauliza kitu kingine chochote. Sikatai, wepesi ni muhimu, fimbo unainyanyua na kuishusha maelfu ya mara kwa siku moja ya mlima na mabega ndio yanalipa. Ila hiyo namba kwenye boksi haikwambii uzito umekaa wapi. Fimbo ambayo uzito wake uko juu kwenye mshikio inabembea yenyewe, ila ile yenye loki (kifungio cha vipande) nzito chini chini na kisahani kikubwa karibu na ncha inavuta mkono kila ukiirusha mbele, hata kama kwenye mizani zinalingana kabisa. Ukiwa dukani vaa mkanda wa mkononi, irushe mbele na nyuma kama unatembea, mara ishirini hivi, hata kama watu wanakushangaa. Mkono utakupa jibu mapema tu.

Halafu jambo la pili, na hili kwangu ndio kubwa: orodha yangu naipanga kwa jinsi fimbo inavyokunjwa na kukunjuliwa, sio kwa jina la kampuni. Sababu ni rahisi. Fimbo ikikuchukulia dakika nzima kuikunja hutaikunja, utabaki nayo mkononi kwenye tambarare inakugonga gonga miguu, na ukifika kwenye kipando, yaani pale njia inapopanda, utaona uvivu kuikunjua, mwishowe unaiacha nyumbani na pesa yako imelala kabatini.

Kama bado unajiuliza zinasaidia kweli au ni mapambo: kwenye kushuka ndio ushahidi uko wazi zaidi. Mtafiti Schwameder na wenzake mwaka 1999 walipima watu wakishuka mteremko wa nyuzi 25 wakakuta nguvu zinazogonga goti zinapungua kwa asilimia 12 hadi 25 ukitumia fimbo. Kwenye kupanda mikono inachukua sehemu ya kazi kwa hiyo mapaja yanapumua, ingawa usitegemee mapigo ya moyo yashuke, mwili mzima unafanya kazi sasa. Kwenye tambarare ukiwa unakimbia? Hazina kazi, zikunje.

Urefu kwanza, ndio orodha

Simama wima na viatu vyako vya mlima, ncha iguse chini pembeni ya mguu, kiwiko kikae kwenye nyuzi 90. Kama unanunua bila kuishika, chukua urefu wako kwa sentimita uzidishe kwa 0.68. Mtu wa 170 anapata kama 115, mtu wa 180 anapata 122 hivi, huyo achukue 120. Fimbo za urefu mmoja huwa zinaruka kwa sentimita 5 au 10 kwa hiyo kuna watu wataangukia katikati. Hapo jiulize utazitumia zaidi wapi, kama ni vipando vikali chukua fupi maana mlima wenyewe unakuletea ardhi karibu na mkono, kama magoti ndio shida yako na unazitaka za kushukia chukua ndefu. Ukikosea kwa sentimita mbili tatu hutakufa, ukikosea kumi utajuta.

1. Alumini za kukunjika vipande vitatu au vinne, urefu mmoja

Najua wengi walitegemea kaboni (fimbo za nyuzi za kaboni) ikae hapa. Mfano mzuri ni Black Diamond Distance Z, ndani ina kamba inayounganisha vipande, unaitupa mbele vinajipanga, unavuta mshikio juu mpaka kitufe kidogo kinatokeza tak, umemaliza. Kuikunja unabonyeza kile kitufe na inalegea. Mara chache za kwanza inasumbua, baada ya hapo unaifanya huku unatembea. Ikikunjwa inabaki fupi, sentimita 35 hadi 40 hivi kutegemea saizi, inakaa kwenye vesti ya kukimbilia au kwenye mkoba wa fimbo mgongoni bila kukuchoma kisogoni.

Kwa nini alumini? Kwa sababu ya namna inavyokufa. Fikiria ncha imezama katikati ya mawe mawili na wewe una kasi, mwili unakwenda mbele, fimbo haitoki. Kaboni hapo inakatika, kipande kiko mkononi na kipande kiko kwenye mawe, na bado una kilomita ishirini za kushuka. Alumini inapinda. Unaitoa, unaiweka kwenye goti, unainyoosha taratibu, haitakuwa kama zamani lakini inakufikisha. Usiinyooshe mara ya pili pale pale ilipopindia, hapo imeshachoka na itakatika, ukifika tafuta kipande kipya. Hiyo tofauti ya gramu 60 au 80 kwa jozi, mimi nailipa kwa furaha.

Kuna pia Mountain King Trail Blaze za Uingereza, vipande vinne, hazina kitufe, unavuta kamba unaifungia kwenye mpasuo pale kwenye mshikio. Ni alumini na bado zinapambana kwa wepesi na kaboni nyingi. Tatizo ni nyembamba, mtu mzito anayeegemea sana fimbo ataziona zinanesa, na kamba ikilegea vipande vinaanza kucheza. Kama wewe ni mwepesi na unakimbia zaidi kuliko kutembea, ziangalie vizuri sana.

2. Kaboni za kukunjika, urefu mmoja

Hizi ndizo za resi. Black Diamond Distance Carbon Z, Leki Ultratrail FX.One, na wenzao. Kaboni ni nyepesi, ngumu, haineseki ukiisukuma, na inameza ule mtetemo wa mawe vizuri kuliko alumini, baada ya masaa kumi viwiko vinaijua hiyo tofauti. Kama unashindana na unahesabu dakika, hii ndiyo namba moja yako na upuuze niliyosema juu.

Leki wana mambo yao ya mkanda ambao ni kama glavu isiyo na vidole, kuna kitanzi kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, unakichomeka kwenye mshikio kinashika klik, na kujitoa unabonyeza juu kwa gumba. Faida yake huhitaji kukamata fimbo kwa nguvu, unasukuma kwa kiganja na vidole vimelegea kabisa. Kwenye kipando kirefu ni raha tupu. Ila uelewe unanunua mfumo mzima, ukipoteza glavu moja ile fimbo haina mkanda wa kubahatisha, na kila ukitaka kula au kufungua zipu lazima ujitoe (au ubaki na glavu na fimbo ining'inie kwapani, wengi ndio wanafanya hivyo).

Kaboni inataka macho. Kila baada ya safari yenye mawe ipitishe ukucha kuanzia juu mpaka chini, hasa sentimita thelathini za chini ndiko inakogongwa. Mkwaruzo wa rangi tu sio shida. Ukucha ukikwama kwenye kovu, au ukaona nyuzi nyuzi zimechungulia, kile kipande kimekwisha hata kama bado kinaonekana kimesimama, kitakatika siku unayokihitaji. Ndio maana kaboni ya mtumba siinunui bila kuishika, alumini ya mtumba naweza, jeraha la alumini unaliona kwa macho.

3. Za kukunjika lakini zinarekebishika urefu

Mfano Distance Carbon FLZ au Leki Micro Vario Carbon. Zinakunjika kama hizo za juu, halafu kipande cha juu kina klipu ya kurefusha na kufupisha kwa sentimita 15 au 20. Kwenye karatasi zinaonekana ndio jibu la kila kitu, unafupisha kupanda unarefusha kushuka, unaziazima kwa mwenzako, unasimamishia hema. Kwenye uhalisia wanaokimbia karibu hawarekebishi katikati ya njia, wanasogeza mkono tu chini ya mshikio basi. Kwa hiyo unabeba uzito wa klipu ambayo huitumii. Mpandaji wa kutembea, mwenye begi na siku kadhaa mbele yake, au familia inayogawana jozi moja, hapo zinapanda mpaka namba moja bila ubishi.

4. Za kuvutana zenye klipu

Hizi ni zile vipande vitatu vinaingiana kimoja ndani ya kingine. Sio mpya, Leki ya Ujerumani walitoa yao ya kurekebisha iitwayo Makalu mwaka 1974. Ni imara, zinabeba mtu mzito na begi zito, na ndizo unazopata kwa pesa ndogo, Cascade Mountain Tech za kaboni zimejijengea jina kwa hilo hilo. Kasoro kwa mkimbiaji ni moja na inatosha: zikifungwa zinabaki sentimita 60 na kitu, zinachomoza juu ya vesti zinakwaruzana na matawi. Kwa anayetembea tu, nunua hizi na pesa inayobaki ongezea kwenye viatu. Angalia klipu iwe na skrubu ya kukazia, maana zote zinalegea na muda, na nyingine zinahitaji bisibisi wakati nyingine unakaza kwa vidole.

5. Za kuzungusha

Unazungusha kipande, kidude cha ndani kinatanuka, kinakaza. Gossamer Gear LT5 ni za aina hii na ni nyepesi kupita nyingi zenye klipu, watu wa mahema mepesi wanazipenda kwa sababu zinafika urefu wa kusimamishia hema (hema la Zpacks Duplex kwa mfano linataka fimbo ya sentimita 122). Lakini kuzungusha kunataka mkono uliozoea, ukikaza kidogo inateleza ukiwa umeiegemea, ukikaza sana haifunguki na vidole vina baridi. Mchanga ukiingia ndani ndio kabisa. Sizichukii, ila sio fimbo ya kwanza ya mtu.

Zile zenye springi ndani ruka, zinaongeza uzito na kila ukisukuma sehemu ya nguvu yako inaishia kwenye springi. Za kipande kimoja zisizokunjika kabisa ni kwa wale wa mbio fupi za kupanda tu mpaka kileleni, wewe ukizibeba kwenye basi utakuja kuniambia.

Vitu vidogo ambavyo duka halikwambii

Mshikio wa foamu ndio wa kukimbilia, ni mwepesi na unafyonza jasho. Lile gome la vizibo vya mvinyo ni zuri kwa kutembea, linazoea mkono wako na halitelezi kwenye joto. Raba ngumu inachubua mkono wenye jasho, iache kwa watu wa theluji. Tafuta foamu inayoshuka chini zaidi ya mshikio kama sentimita kumi na tano, pale ndipo unaposhika kwenye kipando kikali. Mkono uingie kwenye mkanda kutoka chini kwenda juu, halafu ndio ukamate, kinyume chake kidole gumba kiko hatarini ukianguka.

Ncha ya kabaidi, ile ya madini magumu sana, ndiyo inayouma mwamba, ya raba ni ya lami na kwa njia ambazo hawataki ardhi ichimbwe. Hakikisha ncha ya fimbo yako inabadilishika na vipuri vinauzwa, maana ncha itaisha muda mrefu kabla ya fimbo.

Kama unanunua kwa ajili ya resi fulani soma kanuni kabla hujatoa hela. UTMB, zile mbio ndefu za kuzunguka mlima Mont Blanc, wanaruhusu, lakini ukianza nazo unamaliza nazo, na huruhusiwi kuanza bila fimbo halafu ukazichukua njiani au kuziweka kwenye begi la kukusubiri. Western States, mbio nyingine ndefu kule Marekani, fimbo hazitakiwi kabisa. Na kama unasafiri kwa ndege weka kwenye mzigo wa kukabidhi, viwanja vingi ncha kali haziingii na wewe ndani, Marekani kwa mfano wanazizuia pale kwenye ukaguzi.

Zikilowa usizikunje ukazitupa kabatini. Achanisha vipande, futa, ziache zikauke usiku mzima, na usipake mafuta kwenye zile za kuzungusha wala za klipu hata kama zinalia, mafuta ndiyo yatakayozifanya ziteleze. Za kamba kagua kamba pale inapoingia kwenye kila kipande, ikianza kuota manyoya agiza nyingine sasa hivi, usisubiri wiki ya resi.