Modemu ya Baba na laptopu iliyokataa kushika nywila: uzoefu wangu

Kama umeshika modemu ya USB mkononi ukiwaza kuitupa, ngoja kidogo. Hii ya 3G niliyomnunulia Baba kwa shilingi 800 nimeitumia naye kwa miezi minne na nitaisifu mbele ya mtu yeyote. Kilichotutesa kwa wiki tatu kilikuwa ndani ya laptopu, na mafundi wawili tuliowaendea Luthuli Avenue, Nairobi, hawakukitafuta huko.

Baba anaishi mtaa wa Jericho. Alikuwa karani hadi alipostaafu, na sasa ni katibu wa chama cha wazee cha kusaidiana wakati wa msiba. Intaneti anaitaka kwa mambo machache: kutuma kumbukumbu za mikutano kwa barua pepe, kusoma magazeti, na kujaza riteni ya kodi ya KRA, mamlaka ya mapato, kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni. Simu yake ni kabambe, yaani ile ndogo ya vitufe, haina hotspoti. Faiba ya kulipia kila mwezi hataki hata kuisikia. Anauliza kwa nini alipie mto mzima na kiu yake ni ya kikombe kimoja. Basi tukachukua laptopu ya mtumba, zile zinazotoka kwenye ofisi za Uingereza, yenye Windows 10, tukaongeza modemu na laini yenye bando.

Programu iliyomo ndani ya modemu sikuipenda kwa Baba. Maandishi yake ni madogo na vitufe ni vingi mno. Nikaamua tutumie njia ya Windows yenyewe, ile ya kupiga namba. Unaunda muunganisho mara moja, unaandika *99# mahali pa namba ya simu, jina la mtumiaji, nywila, basi. Siku zinazofuata ni dirisha moja dogo na kitufe kimoja cha kubofya. Vidole vya Baba vinatetemeka, kwa hiyo kitufe kimoja kwetu ni jambo kubwa.

Alipoona maneno ya kupiga namba alinisimulia ofisi yao ya miaka ya 1990. Kompyuta yenye intaneti ilikuwa moja, ikipitia waya wa simu ya mezani. Modemu ililia na kukwaruza kwa muda mrefu kabla ya kushika, na mtu akinyanyua mkonga wa simu chumba cha pili barua yote inakatikia njiani. Modemu za kupiga namba kwa waya wa simu hazikuwahi kuvuka kilobiti 56 kwa sekunde, na huo ulikuwa upeo wa kwenye karatasi. Hii yetu imeandikwa megabiti 7.2, na simu imebaki jina tu. Hiyo *99# haimpigii mtu yeyote. Ni agizo ambalo laptopu inaipa modemu ili ifungue njia ya data, kisha modemu inazungumza na mnara.

Dirisha hilo lina pengo moja ambalo limewakwamisha wengi: halikuulizi APN, yaani jina la lango ambalo laini yako inapitia kuingia kwenye intaneti. Ikiwa modemu haijawahi kuelezwa APN ya mtandao wako, itabidi uiandike kwingine. Fungua orodha ya vifaa vya kompyuta, ingia kwenye sifa za modemu, tafuta sehemu ya maagizo ya ziada ya kuanzishia, uandike AT+CGDCONT=1,"IP","safaricom" kama laini ni ya Safaricom, au uweke APN ya mtandao wako mahali pa neno hilo la mwisho. Na kama laini ina PIN, itoe kwanza ukiwa umeiweka kwenye simu. Windows kwa njia hii haitakuuliza PIN, na laini iliyofungwa haiunganishi. Usibahatishe pia: PIN ikikosewa mara tatu laini inadai PUK, namba nyingine ya kuifungulia.

Siku ya kwanza kila kitu kilikwenda vizuri. Taa ya modemu ikaacha kupepesa, ikatulia, Baba akasoma gazeti. Kesho yake asubuhi simu yangu ikalia.

"Mama, kimeniuliza paswadi tena."

Nikamsomea herufi moja moja. Kesho yake tena. Keshokutwa akaiandika kwa herufi kubwa, akapata kosa namba 691, ambalo maana yake ni kwamba jina au nywila imekataliwa, naye akaamini ameharibu kitu. Hilo liliniuma. Mtu aliyeandika barua za ofisi maisha yake yote asifike mahali pa kuogopa kugusa kibodi kwa sababu ya kisanduku kinachojifuta usiku.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Muunganisho niliutengeneza nikiwa kwenye akaunti yangu ya Windows, nikachagua nywila ihifadhiwe kwa ajili yangu pekee. Baba anaingia kwa akaunti yake, na huko hakuna kilichohifadhiwa. Ukimwandalia mtu mwingine, ama ingia kwa akaunti yake, ama chagua ihifadhiwe kwa kila anayetumia kompyuta hiyo. Nikarudia kwenye akaunti yake. Haikusaidia.

Katikati likazuka jambo jingine lililotuchanganya zaidi: kosa 633, kwamba modemu inatumika tayari au haijasetiwa sawasawa. Leo linatokea, kesho halipo. Jumamosi moja nilikaa kando ya Baba bila kusema neno, nikamwangalia tu anavyofanya. Akachomeka modemu upande wa kushoto. Jana yake, kwa maneno yake mwenyewe, aliichomeka kulia kwa sababu chaja ilikuwa imebana. Hapo nikaelewa. Windows ikiona modemu hiyo kwenye tundu jingine huweza kuihesabu kuwa modemu mpya na kuiandika kwa jina lilelile likifuatwa na #2. Muunganisho wetu ulikuwa ukiitafuta ile ya kwanza, na yale maagizo ya APN yalibaki kwa ile ya kwanza pia. Dada yangu akatoa rangi yake ya kucha, nyekundu, tukatia tone moja kando ya tundu la kulia na jingine mgongoni mwa modemu. Nyekundu kwa nyekundu. Nikaizuia pia ile programu ya modemu isijiwashe pamoja na Windows, maana ikishaishika modemu, muunganisho wa Windows hupata 633 hiyohiyo. Tangu siku ile hatujaiona tena.

Nywila, hata hivyo, ilizidi kupotea. Nilifungua faili la rasphone.pbk, ambalo ndilo Windows inahifadhia miunganisho hii, nikitumaini kuiandika humo kwa mkono. Namba ipo, jina la modemu lipo, nywila haimo. Windows huitunza mahali pengine, ikiwa imefichwa kwa usimbaji, ndiyo maana hata ukihamisha faili hilo kwenda kompyuta nyingine nywila haifuati.

Tukaenda mjini. Fundi wa kwanza aliitazama modemu akasema imekufa, tununue ruta. Haikuwa imekufa; iliunganisha pale pale mbele yake nilipoandika nywila. Wa pili alitaka shilingi 1,500 afute Windows na kuiweka upya. Sikukubali kwa sababu kumbukumbu za chama za miaka mingi, alizokuwa amezichapa upya Baba, zilikuwa humo bila nakala. Lakini nimtendee haki: dawa yake ingetibu. Tatizo ni kwamba hakuweza kunieleza ugonjwa wenyewe.

Kwa muda huo nilimtengenezea Baba njia ya mkato: faili dogo kwenye skrini lenye agizo rasdial, kisha jina la muunganisho, jina la mtumiaji na nywila. Anabofya mara mbili, inaunganisha. Njia hii inafaa kwa laini ya simu tu, nami nasisitiza hapo. Kwa data ya simu, jina na nywila ni za wateja wote, si siri ya mtu. Kwa Safaricom ni saf na data, na zinatangazwa kwenye maelekezo ya kuseti simu. Anayekutambulisha ni laini iliyomo ndani ya modemu. Lakini kama muunganisho wako wa kupiga namba ni akaunti yako binafsi, ya ofisi au ya mtoa huduma anayekutoza kwa jina lako, usiiandike nywila wazi kwenye faili ambalo yeyote anayepita anaweza kulifungua.

Jibu nilikuja kulipata kwa kukaa tena na Baba asubuhi. Aliwasha laptopu. Kabla ya kuingia kwenye akaunti likatokea dirisha la maandishi ya Kiingereza: kompyuta hii ni ya wafanyakazi walioidhinishwa, matumizi yanafuatiliwa, bonyeza kukubali. Baba akabonyeza bila kusoma, kama alivyobonyeza kila asubuhi tangu tuinunue. Nikamuuliza hili ni nini. "Hilo huwa linakuja," akasema.

Nikaigeuza laptopu. Chini yake kulikuwa bado na kibandiko cha mistari cha ofisi ilikotoka. Muuzaji alikuwa amefuta mafaili ya watu, akaacha Windows ileile na kanuni zote ambazo ofisi ile iliipa. Kama tangazo lao limebaki, basi na makatazo yao yamebaki. Ofisi nyingi hazitaki kompyuta zao zikumbuke nywila za kupigia namba, kwa sababu laptopu ikiibwa, mwizi anaingia kwenye mtandao wa kampuni kwa kubofya mara moja. Ni kanuni ya busara kwao. Kwa Baba ilikuwa ukuta.

Nilifungua regedit, programu ya kuhariri rejista ambamo Windows hutunza mipangilio yake, nikashuka hadi HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\RasMan\Parameters. Hapo palikuwa na DisableSavePassword, thamani 1, yaani kuhifadhi nywila kumezuiwa. Nikahifadhi nakala ya sehemu ile kwanza, maana rejista si mahali pa kugusagusa, kisha nikabadilisha 1 kuwa 0 na kuwasha laptopu upya. Nikaandika nywila, nikachagua ihifadhiwe, nikaunganisha, nikakata, nikazima kabisa. Nikamwachia Baba aiwashe. Kisanduku hakikuwa kitupu. Alikitazama, akanitazama mimi, akabofya, na taa ikatulia.

Kama laptopu yako bado ni mali ya mwajiri, usiiguse kanuni hiyo. Zungumza na watu wa kompyuta wa kazini kwako. Kama ni ya mtumba na umeona tangazo la ofisi usiyoijua, mimi sasa naona kuiweka Windows upya ni lazima, kwa sababu huwezi kujua ni nini kingine kimeachwa humo. Mwezi uliofuata nilinakili kazi zote za Baba kwenye flashi mbili, nikaiweka Windows upya mwenyewe. Muunganisho niliutengeneza upya kwa dakika kumi, safari hii nikiwa ndani ya akaunti yake. Nikinunua nyingine nitamtaka muuzaji aiwashe mbele yangu kutoka mwanzo, nisome kila kinachotokea kabla ya kutoa pesa.

Kwa hiyo modemu naipa alama nne kati ya tano. Ile moja naikata kwa sababu jioni 3G huku Jericho inakuwa nzito, na kaka yangu akipiga simu ya video kutoka Mombasa sura yake huganda mdomo ukiwa wazi. Kwa barua pepe na magazeti haijatuangusha. Bando la gigabaiti moja linamfikisha Baba mbali, mradi nisitishe masasisho ya Windows, ambayo Windows 10 inakuruhusu kuyaahirisha hadi siku 35 kwa mpigo. Nikienda na simu yangu namwashia hotspoti yanapakuliwa yote.

Jumatatu iliyopita alinitumia barua pepe saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kumbukumbu za mkutano zikiwa zimeambatishwa, bila kunipigia simu kwanza. Rangi ya kucha imeanza kubanduka kwenye lile tundu. Jumapili nikienda nitapaka tone jingine.