Batman wa 2005 au wa 2022?
Wadogo zangu wa Majengo wakiniuliza waanze na Batman yupi wa sinema, wa mwongozaji Christopher Nolan wa 2005 au wa Matt Reeves wa 2022, nawaambia wa 2005. Kila kitu kina asili yake: joho ni kitambaa kinachokakamaa kikipitishiwa umeme, na hofu ya popo inaanzia kisimani alikotumbukia Bruce, yaani Batman mwenyewe, utotoni. Unamwamini kabisa.

Wa 2022 ni giza na mvua, karibu saa tatu nzima, na Robert Pattinson, anayemwigiza Batman, anapeleleza kuliko kuruka. Wengine huchoka. Lakini anapowasha mwenge mwekundu akiwaongoza watu kwenye mafuriko, Christian Bale, Batman wa 2005, simuoni tena. Mombasa tunazijua mvua za Mei. Onyesho lile linatuingia haswa.