Tiketi nzima, maandishi nusu

Nyota moja, na hiyo moja ni ya kiyoyozi. Ukumbi siutaji jina, ila mlio Dar mtautambua kwa bisi zake zilizomwagiwa chumvi kama wanataka kuzikausha. Kama unafikiria kwenda kuangalia anime, zile filamu za kuchorwa za Kijapani, pale, soma hii kwanza. Na kama bado hujaiona Demon Slayer: Infinity Castle, ile ya wawindaji wa mashetani, na hutaki kuharibiwa utamu, ishia hapahapa.

Ubora wa filamu yenyewe sina haja ya kuueleza. Tuliisubiri tangu msimu wa mafunzo ya Hashira, wale wawindaji wakuu, ulipoisha mwaka 2024, na ufotable, studio iliyoichora, hawakutuangusha. Hata mtu asiyependa anime akiona ile ngome inavyopinduka, sakafu inageuka dari kila shetani Nakime anapogusa nyuzi za biwa, gambusi la Kijapani, atatulia kwenye kiti. Ugomvi wangu uko chini kidogo ya picha.

Maandishi ya chini yalikuwa yamekatwa.

Trela na matangazo yalikaa vizuri tu. Filamu ilipoanza, picha ikawa imekuzwa kupita kioo, na ukingo wake wa chini ukaangukia kile kitambaa cheusi kilichotandazwa hadi sakafuni. Sentensi ikija kwa mistari miwili, wa juu unausoma, wa chini umezama. Ikija kwa mstari mmoja, basi, labda uone ncha za herufi ndefu zikichungulia. Yaani unapewa "Hata kama nitakufa leo," halafu kimya, mdomo wa mtu unaendelea kuchezacheza na wewe unabaki kukisia. Filamu ina dakika 155. Hebu fikiria kukisia kwa muda wote huo.

Kuna watu watasema, si nyie mnaojiita otaku, wagonjwa wa anime, mnajua Kijapani? Tunajua salamu na matusi mawili matatu. Huwezi kufuatilia kwa salamu ugomvi wa mwindaji Zenitsu na Kaigaku aliyegeuka shetani, watu waliolelewa na mwalimu mmoja, kila mmoja na kinyongo chake cha miaka.

Nikatoka nje. Dada wa mlangoni alikuwa amekaa kwenye stuli, anatazama simu.

"Dada samahani, maandishi ya chini hayaonekani."

"Picha inaonekana?"

"Inaonekana."

"Sauti ipo?"

"Ipo, lakini ni ya Kijapani."

Ndipo akainua uso, akanitazama kuanzia viatu kupanda juu. "Sasa kaka, si katuni hiyo? We angalia tu."

Nikamwomba aniitie fundi wa projekta. Fundi katoka kidogo. Meneja? Meneja yuko kwenye kikao. Saa hizo za usiku, kikao! Niliporudi ndani Zenitsu alikuwa ameshamaliza kazi. Pigo la saba, lile alilolibuni mwenyewe, lile nililolingojea tangu nilisome kwenye manga, vitabu vya michoro ilikotoka hadithi hii, nimelikuta kwenye moshi.

Hilo neno "katuni tu" ndilo lililoniudhi kuliko hata kitambaa. Filamu ya Mugen Train, ya hawahawa kina Tanjiro, mhusika mkuu, ilitoka Japani Oktoba 2020, corona imetanda, na kabla mwaka haujaisha ikawa imeipita Spirited Away iliyokuwa imeshika rekodi ya mapato ya sinema nchini humo tangu 2001. Haikupita katuni nyenzake, ilipita filamu zote. Halafu mtu anayeuza tiketi zake anakwambia angalia tu, kama mtoto anayewekwa mbele ya TV ili mama apike.

Na kama kuna filamu isiyotaka "kuangalia tu" ni hii, kwa sababu ya shetani Akaza. Tuliingia mle tukimchukia. Ndiye aliyemuua Rengoku, Hashira tuliyempenda, na hakuna aliyesahau. Halafu katikati ya pambano, kichwa kimeshakatwa, mwili unakataa kufa, filamu inasimama na kuanza kukusimulia alikuwa nani kabla hajawa shetani. Anaitwa Hakuji, mtoto wa mtaani, anaiba ili amnunulie baba yake mgonjwa dawa. Kila anapokamatwa anachorwa mistari mkononi, kama kweli walivyokuwa wakiwachora wahalifu enzi za Edo. Ile michoro tuliyodhani ni urembo wa shetani, chanzo chake ni hicho. Baba anajinyonga na kuacha barua. Baadaye anakuja mwalimu Keizo, na binti yake mgonjwa Koyuki, na ahadi wanayowekeana usiku wa fataki. Barua ni maneno. Ahadi ni maneno. Bila maneno unaona kijana, mzee na msichana kitandani, basi, unaweza kudhani ni tangazo la hospitali.

Hapo nilikuwa nimeshaanza kukusanya vitu vyangu niondoke.

Dogo mmoja safu ya nyuma, amevaa haori ya Tanjiro, lile joho lake, zile drafti za kijani na nyeusi, ya kushonesha kwa fundi kabisa maana bega moja lilikuwa limepanda, akafungua mdomo. Sidhani alipanga. "Mzee kamwachia barua," akasema, si kwa kelele. "Anamwambia sitaki kuishi kwa mali za kuibia watu. Bado hujachelewa, kaishi kwa haki." Mtu mmoja akamwambia anyamaze. Wengine kumi wakamwambia yule anyamaze yeye.

Basi dogo akashika usukani. Anaijua manga kwa moyo. Keizo anapoongea anafanya sauti nzito ya kizee, Koyuki anamtolea sauti ya chini, ya mtu aliyechoka kuumwa. Alipofika kwenye fataki, msichana anamuuliza Hakuji kama atakubali kumuoa, hakuigiza chochote, alisema tu taratibu: "Nitakuwa na nguvu kuliko mtu yeyote, nikulinde maisha yangu yote." Ukumbi mzima kimya, hata bisi hazisikiki zikitafunwa. Kisha kisima kinatiwa sumu, Hakuji anawamaliza watu 67 kwa mikono mitupu, na Muzan, mkuu wa mashetani, anamkuta akiwa hana tena cha kupoteza. Dada aliyekaa pembeni yangu alikuwa analia waziwazi. Mimi nilikuwa na mafua.

Waliokulia kwenye vibanda umiza wanajua kilichotokea pale. Lufufu alitulea hivyo: muvi ya Kihong Kong, sauti ya mtu mmoja wa Kiswahili juu yake, na hakuna aliyekosa kitu. Wakenya wana DJ Afro, Waganda wana VJ Jingo. Na kinachochekesha, Wajapani wenyewe walianza sinema hivyohivyo. Zamani za filamu bubu kulikuwa na benshi, msimulizi anayesimama kando ya kioo na kuongea kwa niaba ya kila mhusika, na watu walilipa kwenda kumsikia yeye. Kaka yake Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa benshi. Kwa hiyo dogo wa haori iliyopanda bega, bila kujua, alituonyesha sinema ya Kijapani kama ilivyokuwa inaonyeshwa Japani.

Sasa hapo hesabu yangu ya nyota ikavurugika. Nikiwa mkweli, sijawahi kufurahi hivyo kwenye ukumbi wowote. Nyumbani kwa bando langu ningeisoma kila herufi na nisingekuwa na usiku ule. Nilitaka kuwapa nyota nne. Hata chumvi nikaanza kuisamehe.

Lakini nne za nani? Ukumbi haukufanya kitu, ukumbi ulikata maandishi. Isitoshe kuna tulivyopoteza ambavyo dogo asingeweza kuvirudisha. Akaza anatolewa sauti na Akira Ishida, yuleyule Gaara wa anime ya Naruto, na pale mwishoni sauti yake inapobadilika kutoka ya shetani kwenda ya Hakuji nilitaka niisikie peke yake, maneno niyasome kimya. Hilo pambano la mwanzoni la Hashira Shinobu na shetani Doma ndiyo kabisa, hakuna aliyelisimulia, dogo alikuwa bado hajapata ujasiri. Shinobu kafa na mimi nimesoma nusu ya maneno yake ya mwisho. Kaka yangu mdogo ana gemu la Hinokami Chronicles, pale kipande kikikupita unakirudia. Ukumbini ikipita imepita.

Nikasema basi, tatu, katikati, tuachane kwa amani.

Tukawa tunatoka, macho mekundu, watu wamemzunguka dogo wanapiga naye picha. Yule dada wa mlangoni bado yuko kwenye stuli yake, ameshikilia mlango kwa mguu. Akatutazama tunavyopita, akaniona mimi, akacheka.

"Eh, si mmelia wote? Sasa kaka ulichokuwa hukielewa ni nini?"

Moja. Na kiyoyozi nacho nikikumbuka vizuri kilikuwa kinadondosha maji.

Filamu ya Chainsaw Man, ile ya Reze, nayo nataka kuiona kwenye kioo kikubwa. Nikisikia imefika pale pale sijui nitafanya nini. Pengine nitaenda. Dogo, kama unasoma hapa, nitafute, tiketi yako nalipa mimi.