Mesa kwenye kipakatalishi kilichotumika: uzoefu wangu wa kuweka sawa kiendeshi cha michoro

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba hapa Nairobi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika mteja akiwa ameketi kando yangu: nyumba ya vyumba vitatu ya kule Ruai au Kitengela ikigeuzwa huku na huku kwenye skrini, paa likiondolewa ili aone ngazi inapopita, ukuta wa jikoni ukisogezwa nusu mita huku akitazama. Kipakatalishi kinachokwama umbo la pande tatu linapozungushwa hakinifai, hata kama kinafungua barua na hesabu kwa wepesi. Ninachokitathmini hapa ni Mesa, maktaba huria ya michoro inayotumiwa na mifumo ya Linux, kama nilivyoitumia kwenye kipakatalishi cha ofisi kilichotoka Uingereza kikiwa kimetumika, cha aina ile inayouzwa kwa wingi katika maduka ya Moi Avenue na Luthuli. Prosesa yake ni Intel Core ya kizazi cha 6, chipu ya video ni HD Graphics 520 iliyomo ndani ya prosesa hiyohiyo, mfumo ni Debian 12, na eneokazi ni Xfce.

Nitangulize hukumu yangu. Kwa chipu za Intel za umri huu Mesa ni kiendeshi kizuri kuliko wengi wanavyodhani, na karibu kila tatizo nililokutana nalo lilitokana na kitu kilichoongezwa na mtu aliyekusudia kusaidia. Kuiweka sawa kumekuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya kuondoa.

Mesa ilianzishwa na Brian Paul mwaka 1993, na toleo la kwanza likatoka mwaka 1995. Inapokea maagizo ya OpenGL na Vulkan, lugha mbili za kuagizia michoro, kutoka kwa programu za uchoraji wa pande tatu kama Blender au FreeCAD, inayatafsiri kuwa maagizo ambayo chipu husika inayaelewa, kisha inayakabidhi kwa kiini (kernel) cha Linux, ambacho ndicho chenye mlango wa kuifikia chipu yenyewe. Ndani ya maktaba hiyo kuna viendeshi kadhaa, kila kimoja na familia yake ya chipu. Kwa Intel, kiendeshi cha iris kinahudumia kizazi cha 5 cha Core na vilivyofuata, na ndicho kilichofanywa chaguo la kawaida tangu Mesa 20.0 mwaka 2020. Crocus kinahudumia chipu za kabla ya hapo, na kile cha zamani cha i965 kiliondolewa kwenye Mesa 22.0. Ninayataja haya kwa sababu maelekezo mengi ambayo mafundi wetu wanayafuata bado yanazungumzia i965, na mtu mwenye HD 520 akiyafuata anajikuta akirekebisha kitu ambacho hakimo tena ndani ya mashine yake.

Pamoja na hayo yote kuna kiendeshi kingine kiitwacho llvmpipe, ambacho hakitumii chipu ya video hata kidogo. Kinachora kila pikseli kwa prosesa. Kimewekwa ili mfumo usikose skrini pale ambapo hakuna kiendeshi cha kweli kinachoweza kufanya kazi, na kwa lengo hilo ni kitu cha thamani. Ubaya ni kwamba kinajitokeza kimyakimya, bila onyo lolote kwa mtumiaji. Tena kinatangaza OpenGL 4.5, ilhali Blender ya mfululizo wa 4 inahitaji 4.3 tu, kwa hiyo programu inafunguka kama kawaida, menyu zinaonekana, na mtu anaanza kazi akiamini kwamba chipu yake ndiyo inayochora. Halafu anazungusha nyumba yenye samani, feni inapiga kelele, picha inaruka kwa vipande, naye anahitimisha kwamba mashine ni nzee na anahitaji nyingine.

Hivyo ndivyo kipakatalishi changu kilivyonifikia. Duka lilikuwa limekiwekea Linux kwa ombi langu, na fundi aliyekiweka aliniambia kwa nia njema kwamba kwa Intel ya zamani nisitarajie makubwa. Amri ya kwanza ambayo ningemshauri kila mnunuzi aiendeshe, ikiwezekana akiwa bado dukani, ni `glxinfo -B`, inayopatikana kwenye kifurushi cha mesa-utils. Mstari wa kuangalia ni ule unaotaja mchoraji. Kwangu uliandika llvmpipe, na hapo hapakuwa na haja ya kupima kitu kingine. Ukiwa sawa, kwenye chipu kama yangu unasoma Mesa Intel HD Graphics 520, na toleo la OpenGL linakuwa 4.6.

Chanzo kilikuwa neno moja, `nomodeset`, lililoachwa kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya faili ya `/etc/default/grub`, yaani mipangilio ya GRUB, programu inayoanzisha mfumo mashine inapowashwa. Neno hilo linakiambia kiini kisikabidhi skrini kwa kiendeshi cha chipu. Mafundi hulitumia skrini inapokuwa nyeusi wakati wa usakinishaji, na kwa dakika zile linasaidia kweli. Likibaki baada ya hapo, kiini hakiifungulii Mesa mlango, faili ya `/dev/dri/renderD128` haionekani, na llvmpipe inachukua nafasi. Dalili nyingine zinazofuatana nalo ni kipakatalishi kushindwa kuitambua projekta au runinga iliyochomekwa, na mara nyingi kushindwa kulala kifuniko kinapofungwa. Nililifuta, nikaendesha `update-grub`, nikawasha upya, na kiendeshi cha iris kikaanza kazi bila mimi kusakinisha kitu chochote. Nyumba ileile iliyokuwa ikikwama ikazunguka kwa ulaini ambao mteja hawezi kuutofautisha na wa mashine mpya.

Palibaki jambo la umeme, ambalo kwetu si dogo, kwa kuwa stima ikipotea katikati ya mazungumzo na mteja, betri ndiyo inayoamua kama mazungumzo yataendelea. Chipu za kizazi cha 6 zinahitaji faili ndogo ya programu-maunzi (firmware), kwa hizi zetu ikiitwa skl_dmc, ili ziweze kuingia katika usingizi mzito wakati hazina kazi. Ikikosekana, picha zinachorwa vizuri tu, lakini kiini kinazima uwezo wa kubana umeme na kuandika malalamiko kwenye kumbukumbu zake, ambayo mtu anaweza kuyaona kwa `sudo dmesg | grep i915`. Kwenye Debian 12 faili hiyo imo katika kifurushi cha firmware-misc-nonfree, na tangu Debian 12, iliyotoka Juni 2023, kisakinishaji rasmi kinabeba vifurushi vya aina hiyo ndani yake. Aliyepandisha mfumo kutoka toleo la zamani ahakikishe kwamba sehemu ya non-free-firmware imetajwa kwenye orodha ya vyanzo vyake, la sivyo ataendelea kupoteza betri bila kujua kisa.

Kuna kifurushi kimoja ambacho ninakiona kikisifiwa mno, nacho ni xserver-xorg-video-intel. Watu hukisakinisha wakitafuta chaguo la TearFree, kwa sababu video zao zinaonekana kama zimekatwa kwa mlalo pale picha inaposonga haraka. Maelezo ya Debian yenyewe juu ya kifurushi hicho yanasema kisitumiwe kwenye maunzi ya takriban mwaka 2007 na baadaye, na kwamba kiendeshi cha modesetting kilichomo ndani ya Xorg, programu inayosimamia skrini na madirisha, kiachiwe kazi hiyo. Nilikiondoa pamoja na faili ya `20-intel.conf` iliyokuwa imewekwa kwenye `/etc/X11/xorg.conf.d`. Mkato ule wa picha niliumaliza upande wa Xfce, kwa amri ya `xfconf-query -c xfwm4 -p /general/vblank_mode -s glx`, nikatoka na kuingia tena. Anayetumia eneokazi la GNOME kwa Wayland, mfumo uliokuja kuchukua nafasi ya Xorg, hana haja ya lolote katika aya hii.

Vivyo hivyo ninawasihi wasomaji wasihangaike na vigezo vya mazingira ambavyo hunakiliwa kutoka mkono hadi mkono. Kigezo cha MESA_GL_VERSION_OVERRIDE kinaifanya maktaba itangaze toleo la juu la OpenGL, lakini hakiipi chipu uwezo isiokuwa nao. Programu itafunguka, kisha itaanguka pale itakapoomba kitu ambacho hakipo. Kigezo cha vblank_mode kikiwekwa sifuri kinaongeza namba za glxgears, zile gia tatu zinazozunguka ambazo wauzaji hupenda kuzionyesha, na namba hizo hazisemi chochote kuhusu kazi halisi. Kwa kawaida gia hizo hufungwa na mwendo wa skrini, yaani fremu 60 kwa sekunde kwenye skrini nyingi, na hiyo ni ishara ya mfumo unaofanya kazi ipasavyo. Mesa pia inahifadhi programu ndogo za uchoraji ilizokwisha kuzitafsiri ndani ya `~/.cache/mesa_shader_cache`, ndiyo maana faili kubwa hufunguka polepole mara ya kwanza na upesi mara zinazofuata. Wale wanaosafisha saraka hiyo kila wiki ili kuokoa nafasi wanajirudisha nyuma wenyewe, kwani kikomo chake cha kawaida ni gigabaiti 1 tu.

Kwa upande wa video sifa zangu zinapungua kidogo, ingawa lawama si ya Mesa. Chipu za Intel husimbua video kupitia mfumo uitwao VA-API, na kiendeshi chake kwa kizazi cha 5 na kuendelea ni iHD, kinachotoka katika kifurushi cha intel-media-va-driver. Amri ya `vainfo` inaonyesha ni miundo gani inayoungwa mkono. HD 520 inasimbua H.264 na HEVC ya biti 8 bila taabu, lakini usimbuaji kamili wa VP9 kwa maunzi ulikuja na kizazi cha 7. Kwa kuwa YouTube hupendelea kutuma VP9, prosesa inalazimika kubeba kazi hiyo, na joto linapanda hata kama kila kitu kimewekwa sawa. Nimeongeza kwenye kivinjari kiambatisho cha enhanced-h264ify kinachoomba H.264 badala yake, na `intel_gpu_top` sasa inaonyesha injini ya video ikifanya kazi. Gharama yake ni kwamba H.264 kwa kawaida hutumia data zaidi kwa ubora uleule, kwa hiyo mtu anayeishi kwa bando apime mwenyewe kipi kimuumize, betri au bando.

Marekebisho yaliyonipa faida kubwa zaidi baada ya kufuta lile neno la GRUB hayakuwa ya programu. Chipu ya video iliyomo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake yenyewe. Inakopa RAM ya mfumo, na kasi yake inategemea upana wa njia ya kuifikia RAM hiyo. Vipakatalishi vingi vinavyouzwa kwetu huja na kijiti kimoja, na nafasi ya pili ikiwa tupu. Kuongeza kijiti cha pili cha aina na ukubwa uleule kunafungua njia mbili badala ya moja, na kwa uchoraji wa pande tatu tofauti inaonekana kwa macho. Ningemwambia mtu aweke fedha yake hapo kabla ya kufikiria mashine nyingine.

Mwenzangu ninayegawana naye ofisi ana kipakatalishi chenye chipu mbili, ya Intel na ya AMD, na nimekitumia kiasi cha kuweza kukisemea. Mesa inaendesha zote mbili. Chipu ya Intel inashika eneokazi, na programu nzito inaelekezwa kwenye ile nyingine kwa kuanzisha amri yake na `DRI_PRIME=1`, kwa mfano `DRI_PRIME=1 blender`. Hakuna faili ya kuandika wala kuwasha upya. Kwa sababu hiyo, mtu anayenunua mashine ya chipu mbili kwa ajili ya Linux, na ambaye hahitaji CUDA, mfumo wa Nvidia wa kufanyia hesabu kwenye chipu zake za video, ningemwelekeza kwenye mchanganyiko huo kabla ya ule wa Intel na Nvidia, ambao kwa kawaida hutegemea kiendeshi cha Nvidia kilicho nje ya Mesa, na ambacho lazima kilingane na kila toleo jipya la kiini.

Mipaka ipo, na ni haki mnunuzi aijue. Mesa inaharakisha dirisha la kazi la Blender pamoja na Eevee, injini yake ya kutoa picha kwa haraka, kwa kuwa vyote viwili vinachora kwa OpenGL, lakini haigusi Cycles, injini yake nzito ya picha zinazokaribia uhalisia. Blender haiungi mkono chipu kama HD 520 kwa Cycles, hivyo picha za mwisho za injini hiyo bado zinapikwa na prosesa peke yake. Nimezoea kumwonyesha mteja Eevee katika hatua zote za mashauriano, na Cycles ninaiacha kwa picha mbili au tatu za kubandika kwenye bango la uwanja wa ujenzi, ambazo ninazituma kwenye tarakilishi ya mezani ya ofisi. Kwa mchoraji ambaye mapato yake yanategemea video ndefu za Cycles, kipakatalishi cha namna hii hakitatosha. Kwa yule anayechora, anayefundisha, au anayehitaji kumzungushia mteja nyumba yake mezani bila aibu, HD 520 yenye iris, vijiti viwili vya RAM na GRUB isiyo na `nomodeset` inafanya kazi hiyo, na ndiyo ninayoitumia kila siku.